Jiliwa Lisiloguswa

Katika karakana ile kila kidonda kilikuwa na jina. Sisemi vidonda vya watu. Mtu akijikata alifunga kitambaa akaendelea na kazi, hakuna aliyemtazama mara mbili. Nasema vidonda vya meza. Meza yenyewe ni ya mashine ya kuchonga chuma, jitu la kijani kilichofubaa lililosimama karibu na dirisha, na meza yake ya chuma ilikuwa na urefu wa mita moja na robo, na mifereji mitatu iliyopita toka mwisho hadi mwisho. Kipande kinafungwa juu yake kwa vibano na bolti, kisu chenye meno kinazunguka, meza inakipeleka kipande kwenye meno. Sasa fundi akipitiwa, akasahau kukiinua kipande juu ya vijiti vya chuma vinavyokitenga na meza kabla ya kukitoboa, kisu hakina macho. Kikimaliza kipande kinakula meza.

Marehemu mzee aliyeanzisha karakana alikuwa na sheria yake kwa jambo hilo. Aliyeijeruhi meza hakufukuzwa wala kukaripiwa. Kidonda chake kilizungushiwa vitone kwa ncha ya chuma, pembeni likagongwa jina lake herufi kwa herufi, na tangu siku hiyo kikawa anwani. "Funga kibano nyuma ya Mzee," watu waliambiana, maana kidonda cha kwanza kilikuwa cha mzee mwenyewe. "Sogeza bamba mpaka kwa Kerezo." Kerezo ni yule fundi wa mashine ya kukereza, mtu mpole, aliyeazima mashine siku moja tu na siku hiyo hiyo akaacha anwani.

Kidonda kikubwa kuliko vyote kiliitwa Shemeji. Tundu lilikuwa pana kama kizibo cha chupa na lilizama nusu kidole. Lilipigwa miaka kumi na minne nyuma na kijana mmoja katika wiki yake ya kwanza kazini, aliyeletwa na mume wa dada yake ili afundishwe mashine. Mume huyo wa dada alimtazama, akatazama tundu, akamtoa kwenye mashine papo hapo na kumpeleka uani akachomelee mageti. Huko akabaki. Akawa mchomeleaji hodari, akaota kitambi, akawa mtu wa mizaha, na kila siku ya Mungu alisikia jina lake likitajwa ndani kama jina la kituo cha basi.

Aliyelitaja kwa raha kuliko wote ni huyo huyo shemeji yake, ambaye karakana nzima ilimwita Milimita. Hilo jina alilipata kwa haki. Alikuwa akipima kila kitu, mpaka upana wa mkate nyumbani. Alinunua karatasi za kusokotea sigara ilhali hajawahi kuvuta, na mwenye duka alikuwa akimwonea huruma. Karatasi hizo alizikata vipande vyembamba, akavilaza chini ya kona nne za kazi, akafunga, kisha akavivuta kimoja kimoja. Kikikataa kutoka, kona imekaa. Kikitoka, kona inaelea, na kazi inayoelea, alisema, ni sawa na mgeni aliyekaa ukingoni mwa kiti: ipo siku ataondoka bila kuaga. Katika miaka thelathini Milimita hakuwa na kidonda mezani. Watu waliambiwa hivyo na yeye mwenyewe, mara kwa mara, hata wasipouliza.

Ila kidonda alikuwa nacho. Nyani haoni kundule, wanasema; huyu nyani alikuwa ameliona lake vizuri sana, akaliwekea kifuniko.

Ilikuwa Jumamosi moja, miaka kumi na moja nyuma. Wenzake wote walikuwa wamekwenda kwenye maziko, yeye akabaki kumalizia mfereji kwenye kipande kimoja chembamba. Alikuwa anapiga mluzi. Aliposikia mlio umebadilika, kisu kilikuwa kimeshapita kipande na kuchora mezani mwezi mwandamo safi kabisa, kina cha milimita mbili kamili. Hata katika kukosea alikuwa sahihi. Alisimama hapo jasho likimtoka mgongoni, kisha akalichukua jiliwa, lile banio kubwa la kubania kazi ndogo, lenye uzito wa kilo hamsini na kitu, akaliburuta katikati ya meza mpaka likakifunika kile kidonda, akalifunga kwa bolti nne. Jumatatu aliwatangazia kwamba jiliwa sasa limenyooshwa, halina tofauti hata ya unywele, na atakayeligusa atakutana naye.

Tangu hapo jiliwa halikuguswa. Kazi ndogo zilibanwa humo. Kazi kubwa, zinazotaka meza nzima, Milimita alizitafutia kasoro: chuma hiki ni kigumu mno, kile kimepinda, hii si kazi ya mashine yetu, wapelekeeni wa ng'ambo ya barabara. Mzee alipofariki na binti yake kushika karakana, mambo yakaendelea vile vile.

Mpaka asubuhi ile lilipoletwa bamba.

Lilishushwa kwenye pikapu na watu wanne. Urefu sentimita tisini, upana unaenea meza. Lilikuwa kitako cha pampu ya maji ya mji. Lilipasuka, mchomeleaji akaenda kuunganisha ufa huko huko pampuni jana yake, na sasa uso wake ulitakiwa kuchongwa uwe tambarare, pampu ikae isitikisike. Upande wote wa juu wa mji haukuwa na maji kwa siku ya tatu.

"Fundi," alisema bosi, yule binti wa mzee, mwanamke wa maneno machache aliyekulia chini ya meza hizo hizo, "saa kumi wanalifuata."

Milimita alilizunguka bamba mara mbili akitikisa kichwa. "Bosi, hili si la mashine yetu. Ile ya ng'ambo..."

"Ya ng'ambo imeharibika. Ondoa jiliwa, lifunge mezani."

Kerezo alizima mashine yake ili asikie vizuri. Mchomeleaji, aliyekuwa anapita na koleo, alikumbuka ghafla kwamba hapo mlangoni kuna kivuli kizuri, akaegemea.

"Jiliwa haliondolewi hivi hivi," alisema Milimita. "Kulirudisha sawa ni kazi ya siku mbili."

"Tutakuwa na hizo siku mbili kesho," alisema bosi, akaenda zake ofisini.

Hapo ndipo Milimita alipopata wazo, na lilikuwa wazo baya, ingawa mtu aliyebanwa hachagui. Jiliwa lina kimo cha sentimita kumi na tano. Je, bamba likiinuliwa juu yake? Akakusanya magogo yote ya chuma yaliyokuwamo karakanani, akayapanga moja juu ya jingine kwenye pembe nne za meza, yakafika kimo cha kutosha. Akatafuta bolti ndefu kuliko zote. Bamba likapandishwa kwa winchi ya mnyororo, likalazwa juu ya nguzo zile nne, na jiliwa likabaki chini yake, salama, halijasogea.

Mchomeleaji alikaribia polepole, mikono nyuma. Akainama, akachungulia.

"Shemeji, hongera. Umenunua kitanda?"

"Toka hapa."

"Na uvungu mzuri. Jiliwa limelala uvunguni. Tulifunike, lisipigwe na baridi?"

"Nimesema toka hapa. Nenda kwenye moto wako."

"Mimi naenda. Ila ile karatasi yako vipi? Kona zimekaa?"

Karatasi Milimita alikuwa ameshazijaribu, na zote nne zilitoka zikipepea. Alijua kosa liko wapi. Hilo ndilo lililomuuma. Alikuwa amewafundisha watu maisha yake yote: kazi ikae chini, karibu na meza, kibano kifupi, bolti isimame jirani na kazi wala si jirani na gogo. Sasa alikuwa amejenga mnara, na bolti zake zilikuwa ndefu na nyembamba kama miguu ya kuku.

Aliwasha. Kisu kilipogusa, bamba likaanza kuimba. Si mlio wa kukata, ni ule mlio wa kutetemeka unaoingia kwenye meno ya mtu. Kopo la misumari likacheza dirishani, mzani ukatembea juu ya rafu, na Kerezo akaziba masikio kwa vidole viwili. Milimita akapunguza mwendo. Bamba likaimba sauti ya chini. Akapunguza tena. Ndipo nguzo moja ilipojinyonga, bamba likateleza upana wa kidole, jino moja la kisu likakatika na kuruka mpaka kwenye ndoo ya maji ya kunawia, likatoa mvuke.

Alibonyeza kitufe chekundu. Karakana ikawa kimya.

Bosi alitokeza mlangoni mwa ofisi yake. Hakutazama kisu, hakutazama mnara. Alimtazama Milimita tu. "Saa ngapi sasa, Fundi?"

"Saa sita na nusu."

"Haya," alisema, akarudi ndani.

Afadhali angegomba. Milimita alikaa juu ya sanduku la vifaa, na kwa mara ya kwanza aliona aibu, tena aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Nyumba yake ilikuwa huko huko upande wa juu. Mkewe alikuwa anashuka mabondeni na ndoo tangu juzi, na jana usiku alimwuliza, huku akijisugua kiuno, lini hiyo pampu itatengenezwa. Yeye akajibu kwa kujigamba: kesho, ikipita mikononi mwangu. Sasa ilikuwa mikononi mwake, na ilikuwa inaelea kwa sababu ya mwezi mwandamo wa milimita mbili.

Lakini aliogopa. Nisimfichie: aliogopa kama mtoto. Miaka kumi na minne ya "sogeza mpaka kwa Shemeji", miaka kumi na minne ya kumcheka mwenzake mbele ya watu, leo ingemrudia yote kwa siku moja. Mkuki kwa nguruwe. Na akishavuliwa jina la Milimita, abaki nani? Mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, basi.

Kwa hiyo alikata shauri nusu. Jiliwa litaondolewa, ila hapana mtu atakayeona. Ataliondoa mwenyewe, ataweka bamba juu ya kidonda haraka haraka, watu wakirudi watakuta kazi inakwenda.

"Jamani," aliita kwa sauti ya kawaida mno, "bosi anawahitaji nyuma. Kuna mitungi ya gesi ya kushusha. Wote."

Kwa kawaida kumwondoa mchomeleaji kivulini kulihitaji maneno mengi. Safari hii aliitika "sawa, shemeji" na kutoka mbio, na Kerezo, ambaye hakuwa amekimbia tangu ujana wake, akamfuata. Mtu mwingine angejiuliza. Milimita hakuwa na muda wa kujiuliza.

Akashusha bamba kwa winchi. Akatoa magogo. Kisha akashika spana na kuikabili bolti ya kwanza ya jiliwa, akijiandaa kwa mapambano, maana bolti iliyokaa miaka kumi na moja katika mafuta na vumbi la chuma haitoki kwa kuombwa. Akavuta kwa nguvu zote. Bolti ikazunguka kilaini, na nusura aanguke chali. Ya pili ikazunguka vile vile. Alipoitoa aliitazama: ilikuwa imepakwa grisi. Hilo lilimpita kichwani kama nzi, akalipunga.

Akafunga mnyororo kwenye jiliwa, akavuta, jiliwa likainuka taratibu na kuning'inia. Akapiga magoti, akafuta pale mahali kwa kiganja, kama mtu anayefuta vumbi kwenye picha ya zamani.

Mwezi mwandamo ulikuwepo. Umezungushiwa vitone, kimoja kimoja, vimepangwa kwa uangalifu. Pembeni, kwa herufi za chuma zile zile za marehemu, lilikuwa limegongwa jina: MILIMITA. Na chini yake tarehe. Tarehe ya miaka tisa iliyopita.

Alibaki amepiga magoti. Nyuma ya dirisha mtu alikohoa.

"Vitone kumi na viwili," ilisema sauti ya mchomeleaji. "Nilivipima nafasi kwa rula, shemeji. Nikasema huyu mtu akija kuviona asije akatukana."

Walikuwa wamejipanga dirishani wote watatu: mchomeleaji, Kerezo, na bosi katikati yao, uso wake mkavu ila mabega yakimtetemeka.

"Mlijua," alisema Milimita.

"Ulipolazwa kupasuliwa ngiri," alisema Kerezo kwa upole, "ilikuja kazi kubwa. Na wewe hukuwepo kuikataa."

"Tukaliondoa jiliwa," alisema mchomeleaji, "tukakuta mtoto amelala. Marehemu mzee alicheka mpaka tukamletea kiti. Akasema sheria ni sheria, kigongewe jina. Halafu akasema, mtu yeyote asimwambie. Aliondoe mwenyewe. Tungoje. Tukadhani ni wiki mbili hivi."

"Miaka tisa," alisema bosi.

"Miaka tisa! Shemeji, umetuburudisha. Kila nikikwambia twende tukaoshe mifereji chini ya jiliwa, ulivyokuwa ukibadilika rangi! Nyumbani nilikuwa nasimulia hadi watoto wanalala."

"Nyumbani?" Milimita aliinuka polepole akishikilia meza. "Mke wangu anajua?"

"Dada? Alijua siku ile ile. Ndiye aliyesema, mkimwambia mtamuua, yule hana kitu kingine cha kujivunia isipokuwa mimi, na mimi hanipimi."

Hapo hata bosi alishindwa, akageuka kucheka ukutani. Milimita alisubiri wamalize. Kulikuwa na jambo jingine la kuuliza, na alilihofia kuliko kicheko. Alikumbuka siku aliyorudi kutoka hospitali. Alikuja moja kwa moja kwenye jiliwa, na bandeji yake tumboni, akaweka saa yake ya kupimia unyoofu kwenye ukingo, akasogeza meza toka mwanzo hadi mwisho, na sindano haikutikisika hata unywele. Akawaita wote, akawapa somo la nusu saa: mnaona? Hiki ndicho kitu kilichofungwa na fundi. Na wao walisimama wakasikiliza, wakatikisa vichwa, na mchomeleaji akaomba ruhusa ya kwenda chooni.

"Nani alilirudisha?" aliuliza.

Kicheko kikapungua. Kerezo akatazama viatu vyake. Bosi akamwelekezea kidole mchomeleaji.

"Siku mbili na nusu," alisema mchomeleaji, na safari hii hakuwa na mzaha. "Kwa ile saa yako. Nikipiga kidogo kwa nyundo ya mbao, napima, napiga, napima. Mzee alikuwa amekaa pale anatazama. Nikahesabu karatasi za sigara mpaka zikaisha."

Milimita akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Alitaka kusema kitu kuhusu siku ile ya miaka kumi na minne iliyopita, kuhusu kijana aliyepelekwa uani kabla hajamaliza wiki, lakini bamba lilikuwa linangoja. Akasema, "Saa saba kasoro. Njooni mnishikie hili."

Wakaingia. Jiliwa likashushwa sakafuni, meza ikafutwa, mifereji ikasuguliwa kwa brashi, mgongo wa bamba ukapitishwa tupa kuondoa vinundu. Kisha bamba likashushwa polepole, Milimita akiongoza kwa mkono, mchomeleaji akiwa kwenye mnyororo.

"Kidogo kwangu. Kidogo tena. Sasa kona hiyo ilete mbele ya..." Akasimama.

"Mbele ya nani, shemeji?" aliuliza mchomeleaji, macho yakimng'aa. "Sisikii, winchi inapiga kelele."

Winchi ilikuwa kimya kabisa.

"Mbele ya Milimita," alisema Milimita.

Kelele iliyopigwa humo ndani iliwatoa watu wa duka la jirani nje. Yeye mwenyewe alicheka mwishowe, kicheko kikavu kilichomtoka kwa shida, na alipomaliza akahisi kifua chake kimekuwa chepesi, jambo lililomshangaza kwa kuwa hakujua kama kilikuwa kizito.

Vibano sita, vifupi. Magogo ya kisigino, yale yanayobeba mkia wa kibano, yamezidi kimo cha bamba kidogo tu, bolti zimesogea karibu na kazi. Walikaza kwa mshazari, kona kwa kona, kidogo kidogo. Karatasi tatu zilikataa kutoka, ya nne ikatoka, wakalegeza, wakachomeka chini yake kipande cha bati la kopo, wakakaza, ikakataa. Kisu kingine kikavishwa. Kilipogusa, bamba halikuimba. Lilitoa ule mlio mzito wa kukata, na vumbi la chuma likaanza kumwagika mezani.

Saa tisa na dakika arobaini bamba lilikuwa linameremeta, na saa kumi pikapu likaondoka nalo. Bosi alitoka nalo mpaka getini, kisha akarudi na kusema kwamba wa ng'ambo ya barabara wametengeneza mashine yao, ila kuanzia sasa kazi kubwa zinabaki hapa. Hakuna aliyemwuliza kama ile mashine iliharibika kweli.

Jiliwa likafungwa tena kwenye mnyororo, likainuliwa. Milimita akatoa saa ya kupimia kwenye kisanduku chake, akaitazama, akamnyooshea shemeji yake.

"Lirudishe wewe."

Mchomeleaji alijifuta mikono kwenye suruali, mara mbili, kabla ya kuipokea. Akalisukuma jiliwa taratibu juu ya meza, likawa linabembea hewani kati ya vile vidonda viwili.

"Nilishushe wapi, shemeji? Juu ya kidonda chako, au juu ya changu?"

"Juu ya chako," alisema Milimita. "Changu watu wakione."

Mchomeleaji akalisogeza jiliwa mpaka juu ya kile kidonda kikubwa, akaanza kushusha mnyororo.